Zamu ya Kusema Nje

Kaeni vizuri, maana hii hamtaiamini. Kuna kocha mmoja wa tenisi ya chuo, mwanamke mwenye akili zake timamu, aliyeitoa timu yake kwenye majani na vipande vya chupa mpaka ikawa haishikiki. Halafu siku ya fainali ya tatu, kombe liko mezani linang'aa, yeye mwenyewe kakaa pale anaomba kimoyomoyo vijana wake wapigwe. Hakuhongwa. Hakugombana na mtu. Alikuwa anaona kinyaa tu. Kile kinyaa cha kukuta unywele kwenye chakula ambacho nusu yake umeshameza.

Chuo kizima kilimwita Mamdogo. Aliyeanzisha ni nahodha wa timu, ambaye ni mtoto wa dada yake, tena dada wa tumbo moja. Mamdogo alimchukua akiwa bado anavaa viatu kinyume, akamlea, akamsomesha, akampa raketi ya kwanza ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mapazia. Sasa Nahodha akiwa uwanjani anaita "Mamdogo, hebu nitazame mkono," wenzake nao wakazoea. Mwisho hata mlinzi wa getini, mzee mwenye wajukuu, akawa anamwamkia, "Shikamoo Mamdogo," halafu anacheka peke yake mpaka anakohoa.

Alipofika pale hapakuwa na timu. Palikuwa na viwanja viwili nyuma ya jiko la chuo, saruji imepasuka kama kisigino, neti imelegea na juu yake mtu kaanika mashuka. Mamdogo akaanua mashuka, akayakunja vizuri, akayaweka kwenye ngazi. Akashika jembe. Akang'oa majani kwenye nyufa, akaziba nyufa kwa saruji aliyowaomba mafundi waliokuwa wanajenga bweni. Mistari akaichora kwa chokaa, mvua ikinyesha inaondoka, anachora tena. Watu wakipita wanamuuliza kama amepewa adhabu.

Wachezaji aliwaokota huku na huko. Twiga, binti mrefu kuliko wote, alimwona kwenye foleni ya chakula akinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu watatu na kuchukua sahani bila kumgusa mtu. Mamdogo akamfuata hapo hapo na sahani yake, akamwambia mkono kama huo kuutumia kwa wali na maharage peke yake ni matusi. Twiga akadhani anatongozwa kwa niaba ya kaka wa mtu. Kesho yake alikuwa uwanjani, kavaa viatu vya kuazima, anarusha mipira mpaka juu ya paa la jiko.

Mwaka wa kwanza walipigwa mpaka wapinzani wakaona huruma, wakawa wanawagawia machungwa. Mwaka wa pili walipigwa kwa heshima. Wa tatu wakaanza kushinda, na hapo ndipo inabidi nieleze kitu kimoja kwa asiyejua huu mchezo, maana bila hicho hutaelewa lolote.

Mechi za vyuo hazina waamuzi wa mistari. Mechi zinachezwa tano kwa mpigo, viwanja vimepangana, waamuzi watatoka wapi? Kuna mwamuzi mmoja tu wa kuzunguka na kusuluhisha. Kwa hiyo kila mchezaji anajiamulia upande wake. Mpira ukianguka kwako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka, na mwenzako ng'ambo ya neti anakuamini. Ukiwa na shaka, mpira unahesabiwa mzuri, unampa mwenzako pointi yake na unanyamaza. Mchezo mzima umekaa kwenye mdomo wa mtu.

Vijana wa Mamdogo mwanzoni walikuwa na aibu. Mpira umetoka kweli, wanasema "nje" kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wapinzani wakiwakazia macho, wanarudisha maneno, pointi inakwenda. Mamdogo akachoka kuona watu wanaporwa haki yao, akabuni mazoezi ambayo hakuna kocha mwingine aliyekuwa nayo. Akayaita mazoezi ya sauti. Kila jioni, baada ya kukimbia, wanasimama kwenye mstari wa nyuma, yeye anawapigia mipira, na wao wanatakiwa kusema kwa sauti kubwa, haraka, kidole juu, shingo isigeuke, macho yasitafute huruma: nje! Na mpira wa kusemewa nje lazima utoke nje, maana ulioingia hausemewi, unachezwa tu. Basi Mamdogo akawa anapiga nje makusudi. Jioni nzima ni nje, nje, nje. Wapishi wa jikoni wakawa wanaulizana wale mabinti wanamfukuza nani kila siku asiyetaka kuondoka.

Mwenye sauti safi alipigiwa makofi. Mamdogo mwenyewe ndiye aliyepiga.

Kombe la kwanza likaja. La pili likaja. Mkuu wa Chuo, mtu ambaye miaka yote alikuwa hajui viwanja viko upande gani, akaanza kusema "sisi watu wa tenisi". Picha zote yuko katikati, kashika kombe kwa mikono miwili kama kalizaa. Ila kichwani mwake alikuwa na jambo lingine. Ofisini kwake, ukutani, palikuwa na mchoro wa maegesho ya magari ya wafanyakazi, na maegesho yenyewe yamekaa palepale nyuma ya jiko. Akamwita Mamdogo, akamwambia wazi. Likija kombe la tatu mfululizo, mchoro unatoka, vinajengwa viwanja vipya na tenisi inakuwa idara yenye kocha wa kudumu. Lisipokuja, basi, magari nayo yanahitaji mahali pa kulala.

Kwa hiyo Mamdogo aliingia msimu ule akijua anachezea nini. Jasho lake lote, saruji ya kuomba, chokaa, vijana, kazi yenyewe: vyote juu ya kombe moja.

Sasa sikia ya nusu fainali.

Siku zote Mamdogo kwenye mechi hakai. Anatembea huku na huko, dakika mbili kwa huyu, dakika tatu kwa yule, anamkumbusha huyu magoti, anamwambia yule apumue. Mtu anayetembea hivyo haoni mstari hata mmoja sawasawa. Siku hiyo alikuwa na mafua mazito, kichwa kinagonga, akachukua kiti akakiweka kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, kwenye kona ya uwanja wa Twiga. Kiti kikaangaliana na mstari wa nyuma, unauona wote kama uzi uliovutwa.

Twiga alikuwa anacheza na kabinti kafupi kenye bandeji gotini, kapambanaji, kanakimbilia kila mpira kama kanakimbizwa na nyuki. Katika pointi ngumu kabinti kakapiga mpira mrefu, ukaanguka ndani. Si ndani ya kubahatisha. Ndani ya kuweka kiganja kati yake na mstari na nafasi ikabaki. Twiga akainua kidole.

"Nje!"

Sauti safi, haraka, shingo haikugeuka. Kabinti kakatazama, kakarudi kwenye nafasi yake.

Mamdogo akajisemea ni jua, Twiga hajaona. Lakini kabla ya pointi ile alikuwa amemwona Twiga akitupa jicho uwanja wa pili, kwa Nahodha, na Nahodha akigusa ukingo wa kofia yake. Akaanza kuangalia kofia badala ya mipira. Kofia ikaguswa tena, Twiga akainua kidole tena, na mpira tena ulikuwa ndani. Wengine wanne siku hiyo walicheza kama malaika. Walitoa hata pointi za shaka kwa wapinzani, huku wanatabasamu. Twiga peke yake.

Twiga akashinda, timu ikashinda. Halafu kikatokea kitu ambacho mpaka leo Mamdogo akikikumbuka mate ya kichefuchefu yanamjaa mdomoni. Kabinti ka bandeji kakaja kwenye neti, macho mekundu, kakampa Twiga mkono. Twiga hakuushika mkono. Alikakumbatia. Akakapigapiga mgongoni, akakaambia kamecheza vizuri sana, kasikate tamaa. Na kale katoto kakasema asante.

Kwenye basi waliimba njia nzima. Mamdogo alikaa mbele na dereva, kapachika uso dirishani, anasema mafua, anasema harufu ya soksi. Na kweli basi lilinuka: soksi, ndizi iliyopondeka chini ya kiti cha nani sijui, mafuta ya kuchua misuli. Lakini harufu hizo alikuwa nazo miaka yote na hazikuwahi kumtapisha. Siku hiyo dereva alisimama mara mbili.

Asubuhi yake alimkuta Nahodha uani, kachutama kwenye beseni anafua jezi za timu nzima, povu mpaka kwenye viwiko, anaimba. Mamdogo akasimama mbele yake na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Ule mpira wa Twiga jana ulikuwa ndani," akamwambia.

Nahodha hakuacha kusugua. "Upi?"

Upi. Hebu fikiria. Hakubisha, hakushtuka. Aliuliza upi, kama mtu anayeulizwa bei sokoni na ana mafungu mengi.

Mamdogo akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Na Nahodha, alipomtazama mama yake mdogo usoni, naye akaacha kusugua, akajifuta mikono kwenye magoti, polepole.

"Mamdogo, usinitanie. Kwani ulikuwa hujui?"

Akaeleza yote, bila kona, kama anaelezea ratiba ya usafi. Ni zamu. Kila mechi kuna mmoja mwenye zamu ya kusema nje, na wengine wanne wanacheza safi kabisa, tena wanatoa na pointi za bure ili timu ionekane ina adabu. Mwenye zamu hasemi ovyo, anasubiri pointi nzito, na Nahodha akigusa kofia ndiyo ruhusa. Mtu haendi zamu mbili kwa chuo kilekile, jina lisije likamharibikia. Vyuo vingine navyo vinaiba, alisema, lakini vinaiba hovyohovyo, kila mtu kwa tamaa yake, ndiyo maana wanachukiwa. Wao wana utaratibu. Na hapo akasema, kwa ile sauti ya mtoto anayetegemea kusifiwa:

"Si wewe uliyetufundisha utaratibu? Sisi tulijua unajua. Tukipiga ile sauti vizuri ulikuwa unatupigia makofi."

Mamdogo alimwaga chai kwenye mtaro. Si kwa hasira. Aliutazama ule utando wa maziwa juu yake na akaona hawezi kukaa karibu nao.

Anasema kilichomchefua si uongo wenyewe. Uongo wa mtu aliyeshikwa na tamaa anauelewa, hata yeye kawahi kumdanganya mwenye nyumba. Kilichomchefua ni ile zamu. Usafi wake. Kwamba walikaa chini, mabinti aliowapaka dawa ya malengelenge kwa vidole vyake, wakagawana uongo sawasawa kama watu wanaogawana zamu ya kudeki, asielemewe mtu. Na kwamba aliyewagawia ni huyu hapa, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuomba samahani kabla hajajua kuhesabu.

Akaenda kwa Mkuu wa Chuo siku hiyohiyo. Mkuu alikuwa anamenya yai la kuchemsha juu ya bahasha. Alimsikiliza mpaka mwisho, akalipaka yai chumvi, akalitia mdomoni zima.

"Mwalimu," akasema, na kiini kikawa kinaonekana kati ya meno, "mpira ni duara. Ukianguka, kuna sehemu iko huku na sehemu iko kule. Sasa wewe unataka tuanze kuupima kwa rula?"

Mamdogo akamwambia timu ijitoe fainali. Mkuu akacheka kwa upole, akapangusa midomo kwa ile bahasha. Akasema basi limeshawekwa mafuta, wageni wameshaalikwa, na kama Mamdogo anaumwa, karani wa michezo anaweza kukaa kwenye kiti cha kocha, kukaa hakuhitaji shahada. Akamsindikiza mpaka mlangoni kamshika bega. Mamdogo alipofika nyumbani aliivua ile blauzi akailoweka, na haikuwa na doa lolote.

Akaamua atakwenda. Bora awepo. Akawakusanya vijana chini ya ukuta wa jiko, akawaambia amejua kila kitu, na fainali itachezwa bila zamu, anayesema nje iwe nje. Akawataka waape. Wakaapa mmoja mmoja, haraka, kwa sauti kubwa, shingo haigeuki. Ilikuwa ileile sauti ya mazoezi. Mamdogo aliisikiliza akajua kuwa hata wakisema kweli, yeye hana tena njia ya kutambua.

Fainali ilikuwa kwenye viwanja vya wenyeji, udongo mwekundu uliosagwa laini na kumwagiliwa, mistari ya chokaa nene. Mkuu alikuja na suti na kundi la wageni, wakakaa jukwaani mbali kule, chini ya turubai, mbele yao kombe na chupa za maji. Mwamuzi mkuu, bwana mmoja mnene mwenye mwendo wa taratibu, akawakumbusha sheria. Moja ilikuwa hii: kocha haruhusiwi kubisha neno la nje la mpinzani, lakini anaruhusiwa kulibatilisha la mchezaji wake mwenyewe. Watu wakacheka. Mwamuzi naye akacheka, akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona kocha akifanya hivyo.

Mamdogo akaweka kiti chake kwenye kona ya uwanja wa Nahodha.

Mechi nne zikaisha, mbili huku, mbili kule. Ikabaki moja, ya Nahodha, na watu wote wakahamia nyuma ya wavu. Na Nahodha alicheza. Mamdogo mwenyewe anakiri hajawahi kumwona akicheza vile, miguu myepesi, mpira anaukata kama anamenya tunda. Mara mbili ulianguka mpira wa utata upande wake, na mara mbili akasema kwa sauti ya wazi, mzuri huo, pointi yako. Watu wakapiga makofi. Mamdogo hakupiga. Alikuwa anamtazama na kuwaza: anajiwekea akiba. Anajenga imani ya watu ili aitumie mwishoni. Kila kitu kizuri alichofanya binti yule kilimfikia Mamdogo kikiwa kimeshaoza.

Na nikwambie, wakati huo ndipo alipoanza kuomba washindwe. Alimwona Mkuu kule akigeuzageuza kombe kutafuta upande wa picha. Alimkumbuka yule wa bandeji anasema asante. Akawaza viwanja vipya, jina lake labda kwenye kibao, na kila asubuhi kuja kusimama juu ya viwanja hivyo.

Ikafika pointi ya ubingwa, upande wa wapinzani. Wakishinda hiyo, imekwisha. Mpinzani wa Nahodha, mchezaji wa mkono wa kushoto, akapiga mpira mrefu sana kwenye kona, karibu kabisa na kiti cha Mamdogo. Nahodha akaufuata akiteleza, mguu mbele. Mamdogo akaona chokaa nyeupe imeruka.

"Nje!" Kidole juu.

Mamdogo alikuwa ameshasimama. Hakumbuki kusimama.

"Ndani," akasema. "Mimi ni kocha wake. Mpira umeingia."

Nahodha aligeuka. Usoni hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

"Mamdogo, udongo unaonyesha," akasema. "Alama hii hapa. Njoo uione." Halafu akapaza sauti, akamwomba mwamuzi aje aisome.

Kwenye udongo, tofauti na saruji, mpira hauondoki hivihivi. Unaacha alama. Mwamuzi akaisoma na kuiona iko nje, neno la kocha linafutika na mchezo unaendelea. Mwamuzi alikuwa kwenye nguzo ya neti upande wa pili, akaanza kuzunguka na mwendo wake ule. Mamdogo alikuwa hatua chache tu, akafika kwanza. Akainama.

Ilikuwa nje.

Alama ya mviringo, safi, na kati yake na mstari kulikuwa na utepe wa udongo mwekundu ambapo ungeweza kulaza penseli. Na kwenye mstari wenyewe kulikuwa na mkwaruzo mrefu. Ile chokaa iliyoruka ilirushwa na kiatu cha Nahodha akiteleza. Binti alisema kweli. Mbele ya watu wote, kwenye pointi ya mwisho, bila kofia wala zamu, alisema kweli.

Akili ya mtu inakwenda mbio jamani. Mwamuzi bado anazunguka neti. Watu nyuma ya wavu wako mbali, mgongo wa Mamdogo umewaziba. Na yeye pale kainama anaona mambo mawili yamekaa pamoja. Akiiacha alama, binti yake anasafishwa, mechi inaendelea, na kwa jinsi anavyocheza leo atashinda. Kombe la tatu linakuja. Linakuja na yote yaliyo chini yake: zamu, kofia, yai la Mkuu, kumbatio la Twiga, makofi yake mwenyewe ya jioni. Yote yatapakwa rangi na kuitwa mafanikio, na wote watajua kwamba njia ile inalipa. Na akiifuta, yanaishia hapa. Lakini yanaishia kwa uongo, na mwongo ni yeye.

Akaweka kiatu juu ya alama, akakivuta.

Aliponyanyua macho, Nahodha alikuwa anamtazama. Ameona. Mdomo ulifunguka kidogo, ukafungwa. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko lolote, kwa sababu alikuwa na haki ya kupiga kelele na alinyamaza ili kumsitiri.

Mwamuzi akafika anahema, akauliza alama iko wapi.

"Imefutika nilipokanyaga," Mamdogo akasema. "Lakini niliiona. Ilikuwa ndani."

Basi. Mchezo, seti, ubingwa, kwa wenyeji. Na sasa subiri uone dunia ilivyo. Watu walimpigia makofi yeye. Walisimama. Kocha wa wenyeji alikuja akamshika mikono, macho yanalengalenga, akasema katika maisha yake hajaona uaminifu wa namna ile. Mtu alikuwa amerekodi na simu kutoka nyuma ya wavu. Kabla basi halijafika chuoni, video ilikuwa imeshasambaa kwenye kila grupu: kocha anamkana mtoto wa dada yake ili haki itendeke. Mioyo myekundu chini yake haihesabiki. Kuna hata mtu kaiwekea muziki wa kinanda.

Kwenye basi hakuna aliyeimba. Twiga alilia kwa sauti, kofia usoni. Nahodha alikaa kiti cha nyuma kabisa. Wiki hiyohiyo akahamia bwenini, akachukua godoro, beseni na pasi. Wakikutana njiani anaamkia vizuri, heshima zote, "Shikamoo Kocha." Kocha. Kwa wenzake hakuwahi kusema alichokiona. Wao mpaka leo wanaamini alijaribu kuiba bila zamu na akakamatwa, na yeye anawaacha waamini hivyo.

Nyuma ya jiko sasa ni maegesho. Mkuu ana nafasi yake pembeni, penye kivuli. Mamdogo kapewa darasa la mazoezi ya viungo kwa mwaka wa kwanza, na kila baada ya muda anapigiwa simu na shule fulani au chuo fulani, wanamwomba aje azungumze na vijana kuhusu uadilifu. Mara ya kwanza alikwenda. Akasimama mbele ya kipaza sauti, wanamshangilia, video ile inacheza nyuma yake ukutani, kubwa kama nyumba, na kila ikifika pale anapoinama, mgongo wake unaziba kila kitu. Akaomba radhi, akatoka, akatapika kwenye maua ya watu. Wakasema ni unyenyekevu.

Mara nyingine anachukua simu, anaandika ujumbe kwa Nahodha, kwamba mpira ulikuwa nje, mwanangu, na wote watajulishwa. Anaufuta. Maana akiusema, Nahodha anasafishwa kwa ule mpira mmoja, halafu watu watauliza kwa nini mama mdogo amfanyie hivyo mtoto wake, na jibu la swali hilo linawaanika wote watano na zamu zao. Hakuna upande anaoweza kushika bila mkono kuchafuka.

Sasa niambie wewe unayesoma hapa, na usinipe jibu la haraka. Umeinama pale kwenye udongo, alama unaiona kwa macho yako, mwamuzi anakuja, mtoto uliyemlea anakutazama. Ungeiacha, au ungefanyaje?